Megawati 2,115 na gia moja ya Ngarambe

Nilipotea wiki mbili hivi. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kazi au nimeoa. Hapana, bado sijafanya kosa lolote kati ya hayo mawili. Nilikuwa Ngarambe.

Kwa wale ambao jiografia yao ya Pwani inaishia Mbagala Rangi Tatu: unakwenda Mkuranga, unapita Kibiti, unapita Ikwiriri, unauvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa (lile lililofunguliwa 2003, kabla ya hapo watu walikuwa wanalala Ndundu wakisubiri kivuko), ukifika Nyamwage unaiacha barabara kuu unashika njia ya Utete, halafu unaendelea mpaka simu yako ianze kuhangaika kutafuta mtandao. Ndiko alikoishi Kinjikitile Ngwale. Ndiko watu walikokwenda makundi kwa makundi kuchukua maji mwaka 1904 na 1905. Nitarudi kwake baadaye, maana nina ugomvi na namna tunavyosimulia habari zake.

Mimi nilikwenda kwa habari nyingine kabisa, habari ya tembo na mashamba. Nikarudi na habari ya gia.

Ipo hivi. Kuna kikundi cha kina mama pale kijijini wenye mashine ya kukoboa mpunga. Waliinunua kwa mkopo wa kikundi, na mkopo una marejesho kila mwezi, mvua inyeshe, jua liwake. Siku niliyofika mashine ilikuwa imesimama. Magunia ya mpunga ya watu yamepangwa ukutani, wenye magunia wanakuja kuchungulia na kuondoka. Mhasibu wa kikundi, dada mmoja mwenye daftari lililofungwa kwa kamba, alinionyesha hesabu zake bila mimi kumwomba. Safu ya mapato ilikuwa na mistari mitupu siku tisa mfululizo.

Kilichovunjika ni meno matatu ya gia. Matatu tu. Mashine za namna hii zina rola mbili za mpira, na mpunga unapita katikati yake. Ujanja wote ni kwamba rola moja inazunguka haraka kuliko mwenzake, ndipo punje inavuliwa ganda bila kusagwa. Tofauti hiyo ya mwendo inaletwa na gia mbili. Gia moja ikipoteza meno, huna mashine. Una sanduku la bati lenye mota.

Fundi wa pale ni mzee wa makamo, mtaratibu, mikono yake imejaa makovu ya cheche. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda. Akanieleza alichofanya kwanza: aliyajaza yale mapengo kwa kuchomelea, kisha akakaa chini na tupa siku nzima akichonga meno mapya kwa macho, akiyalinganisha na yale mazima. Siku nzima, mwanangu, aliniambia, bila kula. Meno yale yalifanya kazi siku mbili yakakatika.

"Chuma cha kuchomelea si chuma cha gia," akasema. "Najua. Ila mtu ana njaa, unamwambiaje subiri?"

Sasa hapa ndipo kijana wa mjini, msomi, mwenye simu yenye chaji, anapouliza swali lake la akili: kwa nini msinunue spea? Niliuliza mimi mwenyewe, kwa hiyo nisiwacheke wengine. Jibu ni kwamba mashine hizi zinaingia nchini kwa majina mengi na vipimo vingi, na muuzaji wa Kariakoo anayo mashine nzima, anazo rola, anayo mikanda. Gia hana. Atakuuzia sanduku zima la gia, kama lipo, na kama la mashine yako linafanana. La kwao halikufanana.

Basi mzee akaifunga gia kwenye kitambaa, akapanda bodaboda mpaka Utete, akatafuta gari, akaenda Dar, Gerezani. Akalala kwa shemeji yake. Kesho yake akampata fundi mwenye mashine ya milingi ya zamani, mzigo wa chuma wenye umri kuliko wangu, akachongewa gia mpya.

Nataka mwelewe kazi hiyo inafanywaje, kwa sababu hoja yangu yote imekaa humo.

Gia ile ina meno 32. Fundi anakifunga kipande cha chuma kwenye kichwa cha kugawia, kifaa chenye mkono wa kuzungusha: ukizungusha mkono mara 40, kipande kinazunguka mara moja. Kwa meno 32, anapiga hesabu ya 40 gawanya kwa 32, anapata mzunguko mmoja na robo. Anakata njia moja, anazungusha mkono mara moja na robo, anakata nyingine. Mara thelathini na mbili. Mteja akimsalimia akiwa kwenye jino la kumi na tisa, akasahau kahesabu robo au hajahesabu, kipande kimekuwa chuma chakavu. Ni kazi ya heshima kubwa. Nawavulia kofia. Ila wanaoijua wanazeeka, na mashine zao zimezeeka kabla yao.

Mashine ninayotaka kuitetea leo inafanya kitu kilekile bila kusahau. Inaitwa milingi ya CNC, mafundi wa mjini hutamka si-en-si. Na kabla hamjaondoka, hapa "milingi" si kusaga unga. Kijijini ukisema mashine watu wanaelewa kusaga na kukoboa, na nilipoteza nusu saa nzima kwa kutoelewana huko. Ni mashine ya kuchonga chuma. Kisu kinasimama wima na kuzunguka, kama keekee. Chini yake kuna meza inayobeba chuma. Meza inakwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, kichwa kinapanda na kushuka, na kila mwendo una mota yake. Kompyuta ndiyo inayoziongoza mota hizo, kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita. Unaichorea kitu, unaipa maelekezo, inachonga. Ukitaka kingine kama kile mwaka ujao, unaita faili lilelile. Ukiongezea kifaa cha kuzungusha kipande, inagawa yenyewe meno 32, au 47 ambayo ni usumbufu mtupu kwa mkono.

Si uchawi wala si mpya. Ya kwanza ilionyeshwa 1952 kwenye chuo cha MIT, Marekani, kwa pesa za jeshi la anga, ikisoma maelekezo kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Mwanzoni ikawa mashine ya viwanda vya ndege. Kisha mwaka 1988 kampuni ya Haas ya California ikatoa milingi wima ya CNC kwa chini ya dola 50,000, na kuanzia hapo ikaanza kuingia kwenye karakana ndogo, zile zinazofanya kazi ya oda: leo gia moja, kesho mabano ishirini, keshokutwa sahani ya pampu. Siku hizi kuna za ukubwa mdogo kabisa. Mini Mill ya Haas, kwa mfano, meza yake inatembea milimita 406 kwa 305, kichwa kinashuka 254. Inaweza kutumia umeme wa njia moja. Ina uzito kama wa tani moja na nusu, yaani inapanda kwenye Fuso na kushuka. Ziko ndogo zaidi ya hiyo, na ziko za Kichina za bei ya chini zaidi.

Bei? Makumi ya maelfu ya dola kwa ile ya Marekani ikiwa mpya. Najua mnashtuka. Lakini hebu tusishtuke kwa kuchagua. Shangingi moja jipya la mheshimiwa linaweza kuinunua mashine hiyo na chenji ikabaki ya kununulia visu. Na wilaya zetu zina mashangingi mangapi? Sitaki kujua, nitalala vibaya.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu.

Nilipotoka Ngarambe nilipitia mkutano mmoja pale Dar, wa vijana na ubunifu. Viyoyozi, sambusa, mabango. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema kitu kimoja: Afrika itaruka hatua. Tuliruka simu za waya tukaingia kwenye simu za mkononi, tuliruka benki tukaingia kwenye pesa za simu, kwa hiyo tutaruka na viwanda, tuingie moja kwa moja kwenye akili bandia na uchumi wa kidijitali. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawa nafikiria meno matatu.

Jamani, chuma hakirukwi. Simu ya mkononi uliyoruka nayo ilitengenezwa na mtu ambaye hakuruka. Umbo lake limetoka kwenye kalibu, na kalibu hiyo imechongwa na milingi. Kifuniko cha chupa ya maji unayokunywa kwenye hiyo warsha, kiti cha plastiki ulichokalia, soketi ya ukutani, vyote vina baba yao na baba huyo ni kipande cha chuma kilichochongwa kwa usahihi mahali fulani. Tulichoruka sisi ni kujua mahali hapo ni wapi. Mshikaji anaweza kukuandikia programu ya simu ya kuwaunganisha wakulima na wakoboaji, ikapata tuzo, na mkoboaji wa Ngarambe bado amesimama kwa gia.

Wapili ninaogombana nao ni serikali, hii na zilizopita. Wao hawataki kuruka, wao wanataka kikubwa. Kila awamu ina kikubwa chake.

Hapo juu ya mto, mwendo si mrefu kwa ramani kutoka Ngarambe, kuna Bwawa la Julius Nyerere. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Piga hesabu: 2,115. Nimelitazama bwawa lile kwa picha na kwa macho, na sitajifanya mjuaji wa kulidharau. Ni kazi kubwa. Lakini umeme ni chakula, na chakula kinahitaji meno. (Sikukusudia, limejitokeza lenyewe.) Tumejenga kinywa kikubwa cha kutoa umeme kwenye wilaya ambayo haiwezi kujichongea gia ya kuupokea. Watu wa Rufiji na Kibiti walioyaona mafuriko ya Aprili 2024 yakimeza mashamba yao wana haki ya kuuliza mto huu unawapa nini zaidi ya taa.

Na msiniambie Tanzania haijawahi kufikiria zana. Ilifikiria, tena kwa ukubwa uleule. Mang'ula, kule Kilombero, Wachina waliacha karakana nzito ya mashine iliyohudumia ujenzi wa TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ikageuzwa kuwa kiwanda cha zana. Ikabinafsishwa. Ikanyamaza. Hai, mkoani Kilimanjaro, Bulgaria ilitusaidia kujenga Kilimanjaro Machine Tools, kiwanda cha kutengeneza mashine zenyewe za kuchonga chuma na mbao, miaka ya 1980. Ikapigwa na yaleyale yaliyopiga viwanda vyote vya umma, ikalala miaka mingi, na miaka ya karibuni serikali imekuwa ikijaribu kuiamsha. SIDO ipo tangu 1973. TEMDO ipo Arusha tangu 1980. Vyombo vyote vipo, vina majengo, vina vibao, vina wakurugenzi. Ninachouliza ni kwa nini mzee wa Ngarambe akivunja gia anakwenda kulala kwa shemeji Dar.

Jibu langu: kwa sababu tulijenga viwanda vya kutengeneza mashine kabla hatujasambaza karakana za kuzitumia. Kiwanda cha zana bila karakana za mtaani ni kama kiwanda cha peni katika nchi isiyo na shule. Nani angenunua?

Kenya wana kisa kinachofaa hapa. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kutengeneza gari la Kenya, Nyayo Pioneer. Yakatengenezwa matano ya mfano, yakaonyeshwa 1990, na hapo safari ya gari ikafia. Watu walicheka, na wanacheka mpaka leo. Lakini katika kulihangaikia lile gari walilazimika kupata mashine za kuchonga vipuri kwa kompyuta, na mashine hizo hazikufa na gari. Zikawa kampuni, Numerical Machining Complex, iliyosajiliwa 1994, ikichonga vipuri vya viwanda vingine. Gari lilikuwa upuuzi. Mashine haikuwa upuuzi. Wangeanza na mashine wakaacha gari, wangeokoa pesa na aibu.

Sasa turudi kwa Kinjikitile, maana niliahidi.

Shuleni tulimsoma kwenye historia, na wengi wetu tukamkuta tena kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969. Kinachobaki vichwani mwetu ni kwamba watu walipewa maji, wakaambiwa risasi zitageuka maji, wakafa. Wasomi tunatikisa kichwa: ushirikina. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na vita vikaendelea mpaka 1907 vikaua maelfu kwa makumi, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Hakuna anayetufundisha upande wa pili wa bunduki. Askari wa Kijerumani wengi walishika Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja ambayo Ulaya ilishaonekana kuukuu. Ilitengenezwa na nini? Miaka ya 1870 viwanda vya silaha vya Prussia, Spandau, Erfurt na Danzig, viliagiza mashine kutoka Pratt & Whitney ya Hartford, Marekani. Mashine za milingi zilikuwa humo. Maana yake ni kwamba sehemu ya bunduki moja iliingia kwenye bunduki nyingine bila fundi kukaa siku nzima na tupa. Ikivunjika Mahenge, unachukua spea kwenye sanduku. Vijana wa Ngarambe na Matumbi nao walikuwa na bunduki, za gobore, na walikuwa na wahunzi hodari waliofua mikuki na majembe. Kila gobore lilikuwa na umbo lake. Likivunjika, unalo fundi mmoja, tupa moja, siku moja.

Miaka mia moja na ishirini imepita. Fundi wa Ngarambe bado amekaa na tupa. Halafu anatokea mtu na kiyoyozi chake anasema mababu zetu walidanganywa na maji. Na sisi tumedanganywa na nini? Na "tutaruka hatua"?

Najua hoja zitakazokuja. Nimezisikia zote kwenye basi la kurudi, maana nilimsumbua kila aliyekaa karibu nami.

Ya kwanza: Ngarambe inahitaji maji safi na zahanati kabla ya kompyuta ya kuchonga chuma. Sawa. Na pampu ya maji ya kijiji ikivunjika bush, nani anaichonga? Tumehesabu visima vingapi vilivyokufa kwa kipande cha ukubwa wa kiganja? Anayesema maji kwanza, chuma baadaye, hajawahi kusubiri spea ya pampu.

Ya pili ni ya mzee fundi mwenyewe, na hii imenisumbua zaidi. Nilimwonyesha video ya mashine kwenye simu. Akaitazama mpaka mwisho, akaomba airudie. Kisha akasema, "Nzuri. Lakini mimi nimeomba fundi wa karibu, sijaomba mashine. Ukiniletea mashine bila fundi utakuwa umeniletea kabati." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: kazi nyingi zinazomshinda ni za leth, kukereza shafti na bush, kabla hazijafika kwenye milingi. Leth ya kawaida ya mkono kwanza.

Nimekubali. Siitaki CNC Ngarambe. Naitaka Ikwiriri, kwenye barabara kuu, mahali ambapo fundi wa Ngarambe, wa Utete, wa Mohoro, wa Kibiti na wa Bungu anaweza kufika na kurudi bila kulala kwa shemeji. Na isikae peke yake: leth moja nzuri ya mkono, milingi moja ndogo ya CNC, mashine ya kuchomelea, sakafu ya zege iliyonyooka, kidhibiti umeme kwa sababu sote tunaijua TANESCO, na mafuta ya kutosha kwa sababu hewa ya Rufiji inakula chuma kama mchwa. Ikwiriri pana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vijana wapo. Kibanda cha mashine hii hakizidi chumba cha darasa.

Ya tatu: hakuna wataalamu. Hapa nina hasira kidogo. Nimewahi kuingia kwenye chuo kimoja, sitakitaja, nikaonyeshwa milingi ya CNC iliyoletwa kwa msaada. Ilikuwa bado na nailoni. Wanafunzi wanafundishwa kwa mchoro ubaoni, mashine iko mita tano kutoka walipo, ufunguo uko kwa mkuu na mkuu yuko safarini. Nikauliza kwa nini. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba inaogopwa kuharibika. Ndugu zangu, mashine isiyowashwa imeshaharibika, ila haijaandikiwa ripoti. Na lugha yenyewe ya kuiongoza si siri ya jeshi. Ni mistari ya herufi na namba: nenda hapa, shuka kiasi hiki, zungusha kwa mwendo huu. Kuna programu za bure za kuchorea, kama FreeCAD, na za kuongozea mashine, kama LinuxCNC. Vijana wangapi mtaani wanahariri video kwa simu yenye kioo kilichopasuka? Hao hao.

Ya nne ni pesa. Ushuru msinitajie, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2005 inatoza mitambo ya uzalishaji ushuru wa forodha sifuri. Na pesa ya kuanzia ipo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha makundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya usanii uliokuwa ukifanyika, ikarejeshwa 2024. Inanunua nini? Bodaboda, kuku, viti na maturubai ya shughuli. Sina ugomvi na kuku. Lakini vikundi kumi vya vijana vinavyokopeshwa bodaboda mji uleule vinagombania abiria walewale. Halmashauri mbili zikiunganisha nguvu, Rufiji na Kibiti, ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka juzijuzi, zikakopesha kikundi kimoja cha vijana waliofunzwa, hicho kikundi kitakuwa hakina mshindani mpaka Mbagala. Kila mashine ya kukoboa, kila pampu, kila injini ya boti delta nzima, kila kiwanda kidogo cha korosho ni mteja wake.

Kinaweza kushindwa? Kinaweza. Kisu kimoja kikivunjika bila akiba, kazi imesimama. Bei ikiwa ya kukisia, kikundi kitachonga usiku na mchana na kufilisika. Mwanasiasa akitaka kukifungua kwa mbio za mwenge kabla zege halijakauka, mashine itakaa mshazari maisha yake yote. Hayo yote nayajua. Lakini kushindwa huko kutakuwa kwa bei ya shangingi moja, na watakaoshindwa watakuwa wamejifunza kuchonga chuma. Tumeshindwa kwa bei kubwa zaidi na hatukujifunza kitu.

Nilimwachia mzee namba yangu. Gia ile ya Gerezani aliifunga mimi nikiwepo, siku ya kumi na mbili tangu mashine isimame. Meno yalikuwa safi, mazuri kuangalia. Tundu la katikati ndilo lililokuwa pana kuliko shafti kwa unywele. Kule Dar alipeleka gia, shafti aliiacha kwenye mashine, na aliyechonga alipima tundu lililokwishalika. Mzee hakusema neno. Aliokota kopo la soda, akakata kipande cha bati kwa mkasi, akakizungushia shafti, akagonga gia ikaingia. Kina mama wakapiga vigelegele, na gunia la kwanza likamwagwa.

Jana usiku nimepata ujumbe wake. "Mwanangu imeanza kugonga tena. J3 nakuja Dar. Safari hii nang'oa na shafti."